Neno Lisilokuwemo kwenye Kamusi ya Getruda

Getruda alikamua dekio na kuanza na ngazi za juu, kama kila siku. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwezi wa Juni, na maji ya bomba yalikuwa ya baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Alikuwa ametembea kwa miguu toka mtaa wa Mjimwema, kwa kuwa bodaboda walipandisha nauli tena mafuta yalipopanda. Mwaka wa sita huu alikuwa akideki chuo hiki, ingawa hakuwa mtu wa chuo. Aliajiriwa na kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi.

Kiingereza chake alikiokota humohumo. Shule aliishia darasa la saba. Kwenye ndoo za taka za madarasani alikuta vitini na magazeti ya zamani, akayanyoosha kwa kiganja na kuyasoma saa ya chai. Neno asilolijua alilipigia mstari, akalikisia kwa kuangalia maneno jirani, na akirudi nyumbani akalitafuta kwenye kamusi, ambayo nayo aliiokota. Kisha aliliandika daftarini pamoja na sentensi aliyoitunga mwenyewe. "Nevertheless" lilimsumbua wiki nzima. Kamusi yenyewe iliishia herufi T. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimechanwa kabla hajaipata.

Saa mbili msimamizi wao, Ramson, aliwaita wafanyakazi wote saba chini ya ngazi. Ramson alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Mwaka jana alikuwa akideki nao na kumwamkia Getruda shikamoo kila asubuhi. Tangu apewe usimamizi, shikamoo ilikuwa imekwisha.

"Mikataba mipya hii," alisema. "Saini mtu mmoja mmoja. Saa nne naipeleka ofisini."

"Imeandikwa nini?" aliuliza Brigita. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Wiki mbili nyuma dawa ya kusafishia vyoo ilimuunguza, kwa sababu glavu ziliisha na kampuni haikuleta nyingine. Dawa za hospitali alijinunulia mwenyewe.

"Ni uleule wa zamani, mama. Tarehe tu ndiyo imebadilika."

Mkataba wa zamani ulikuwa wa Kiswahili. Huu ulikuwa kurasa tatu za Kiingereza. Wenzake walipanga foleni, na Getruda akaketi kwenye ngazi, akasoma kwa kidole. Ukurasa wa tatu kidole kilisimama: "The worker waives all claims for any injury, past or future."

"Injury", kuumia, alilijua kutoka habari za mpira. "Claims", madai, alilipata kwenye fomu ya bima iliyotupwa. "Past" na "future" yalikuwa maneno ya mwanzoni kabisa mwa daftari lake. Lililobaki ni "waives". Huenda lilisema mfanyakazi atalipwa akiumia. Huenda lilisema hatalipwa. Sentensi nzima ilining'inia kwenye neno hilo moja, na neno lilianza na W.

"Ramson, hili lina maana gani?"

Ramson aliliangalia kwa muda. "Si kupunga mkono hilo?"

"La kupunga mkono ni 'waves', halina i."

"Basi ni maneno ya kisheria tu, mama. Usitucheleweshe."

Saa tatu, saa ya chai, Getruda hakunywa chai. Alikwenda haraka hadi karibu na stendi, kwa Muhsini, muuza vitabu vya mtumba. Muhsini alikuwa na kamusi moja nene, mpya, ndani ya nailoni.

"Nikiifungua haiuziki kwa bei yake," alisema Muhsini.

"Neno moja tu, kaka. Kuna mkataba unanisubiri."

Muhsini alimtazama, akaiona sare yake na viatu vilivyolowa. Akaipasua nailoni. Getruda alifunua taratibu mpaka kwenye W, akasoma, akarudia. Kuacha kwa hiari kudai haki uliyo nayo. Alishukuru, akarudi chuoni bila kukimbia tena.

Alimkuta Ramson akihesabu mikataba iliyosainiwa. Ilikuwa sita. Getruda aliomba kalamu, akaufuta ule mstari mmoja, akasaini chini.

"Umechafua mkataba wa kampuni," alisema Ramson.

"Nimefuta mstari mmoja. Hiyo mingine yote nimekubali."

Ramson alitoka nje kupiga simu. Aliporudi hakumtazama usoni. "Wamesema asiyesaini kama ulivyo, arudishe vifaa." Kisha akashusha sauti. "Saini tu, mama. Watu thelathini wameacha barua pale ofisini wakiomba hii kazi. Mimi mwenyewe sijui nimesaini nini."

Getruda alifikiria kodi ya chumba, na unga. Akavua koti la buluu la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya meza pamoja na funguo za stoo.

Brigita alimfuata hadi mlangoni. "Dada, lile neno ulilipata?"

Getruda alitamani kusema hakulipata. "Nililipata. Linasema umekubali mwenyewe kutodai kitu ukiumia kazini. Hata kwa ulivyokwisha kuumia."

Brigita aliitazama bandeji yake. "Nimesaini kwa mkono huuhuu," alisema.

"Sikulijua mapema. Ningekuambia."

"Na ungeniambia, ningekula nini?" Kisha akasogea karibu. "Linaandikwaje?"

Getruda alichana karatasi toka kwenye daftari, akaliandika kwa herufi kubwa. Brigita alilisoma herufi moja moja, midomo ikicheza, mpaka sauti ya Ramson iliposikika kutoka juu ikisema vyoo vya ghorofa ya pili bado. Akaitia karatasi ndani ya blauzi, akashika ndoo kwa mkono mzima, akapanda ngazi.