Pini Mdomoni

...na kama haikufika? Imefika, maandishi ya kijani yanasema imepokelewa, lakini imepokelewa na nani, na foleni tu ya kutunza oda, kule kwenye wingu, kwenye kompyuta za watu asiowajua, si na jiko, jiko halijui lolote, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kompyuta ya jikoni izimwe ili aone kama oda ya keki itangoja bila kupotea, na sasa inangoja, moja, hiyo moja imekaa katikati ya skrini kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akasahauliwa, na kidole chake kiko juu ya kitufe cha kutuma, kinamwasha, tuma tena, tuma tena uwe na hakika... "Binti, niwashe?" Huyo ni mwokaji mkuu, duka zima linamwita Unga, amechungulia mlangoni na kofia yake imekaa upande. "Bado, mzee." "Haya, lakini mikate yangu haijui habari za majaribio." Unga ana haki ya kuuliza, kidole hiki hiki ndicho kilichowaponza wiki iliyopita, maana programu aliiandika kwa tabia yake mwenyewe, isipojibiwa upesi irudie, mtandao ukalegea kidogo, ikarudia, ikarudia tena, kumbe zote zimefika salama salimini, zikatoka kwenye printa ya jikoni, na Unga huoka kinachotoka kwenye printa, hahoji, keki tatu za ghorofa mbili zimepangwa kaunta, zote zimeandikwa Hongera Bibi, mjukuu aliyekuja kuchukua akabaki mdomo wazi, na Unga bila kucheka, "Kwani bibi yenu yuko mmoja?", halafu wafanyakazi wakala keki mpaka wakazikimbia, hata huyu wa tumboni alikinai, alipiga teke kila kipande kiliposhuka... sasa kila oda ina namba yake, ikijirudia ya pili inatupwa, na foleni ikishasema imepokelewa programu inanyamaza, haisumbui tena, programu imejifunza, mwenyewe je, simu hii hapa kando ya kibodi, Mama, utakuja nitakapojifungua?, aliandika juzi, akauliza tena jana, akauliza tena leo kabla hata ya chai, na alama zinaonyesha zote zimesomwa, kimya, simu haipokelewi, mume wake akasema, "Mwache mama wa watu apumue, shule zinafunguliwa, ana sare za kushona mpaka darini," lakini mume si mwanawe, hajui kimya kile kinavyouma, na ujumbe wa nne ameshauandika, uko pale haujatumwa, Mama kama hutaki sema tu, nitatafuta mtu mwingine... mtu gani mwingine, hakuna mtu mwingine, ameandika tu apate kujibiwa, hata kama ni kwa hasira... sare, mpaka darini, mama ameinamia kitambaa cha bluu, miguu iko kwenye cherehani, na pini, ndiyo, pini zimebanwa mdomoni, vichwa vyake vinang'aa, na yeye mdogo amesimama kwenye kizingiti, Mama naomba nikacheze, kimya, Mama jamani naomba nikacheze, kimya, Mama nimevunja kikombe, Mama husikii?, na mguu mdogo unapigwa sakafuni, mpaka pindo linaisha, mama anachomeka pini moja moja kwenye kimto, anajipangusa midomo, na hapo majibu yanatoka kwa zamu, hata ya yale aliyokwisha kuyasahau, "Nenda kacheze. Ndala ziko chini ya kitanda. Kikombe nilikisikia kikivunjika, vigae umefagia? Na ukiniuliza tena nikiwa na pini mdomoni, nitazimeza, uone utakavyobaki"... hakuwahi kuacha hata swali moja bila jibu, hata moja, jamani, hata la kikombe... anaanza kuufuta ujumbe wa nne, mtu mwingine, limekwenda, nitatafuta, limekwenda, kama hutaki, mpaka linabaki neno Mama peke yake, nalo analiangalia kidogo kabla ya kulifuta, simu anailaza kifudifudi, mtoto anajigeuza taratibu, kwenye skrini bado ni moja, ile ile, haijapungua wala haijaongezeka, na inapendeza kuitazama... "Binti! Niwashe au nikalale?" "Bado kidogo, mzee," anasema, na mikono yote miwili imehamia tumboni, mbali na kitufe, "hebu iache ingoje, ipo."