Sinki Nyuma ya Uzio

Kulungu wa msitu ulio nyuma ya nyumba yangu walikuwa wakija kila jioni kunisikiliza nikipiga mluzi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wenzangu ninaocheza nao drafti, nikaongeza kwamba dume mmoja hutikisa kichwa nikikosea sauti. Wakabisha. Nikawaleta, wakajionea kwa macho yao: kulungu kumi na mmoja, wametulia tuli kwenye kona ya kijito, nyuma tu ya uzio wetu. Tangu siku hiyo heshima yangu ilipanda, na mimi sikuwa na haraka ya kuishusha.

Sinki kuukuu nililolificha kwenye majani marefu ya kona hiyo, na mahindi niliyomimina humo kila siku mke wangu akiwa amejilaza, sikuvitaja. Msanii hatoi siri za jukwaa.

Sasa, mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anasomea uzamivu. Mwaka wa tatu huu anaishi chumba chetu cha uani kwa kuwa msitu uko jirani. Anachunguza ugonjwa unaowakondesha kulungu wa porini hadi wanabaki ngozi na macho: unavukaje kutoka kundi moja kwenda jingine? Baadhi yao amewavalisha kola zenye kifaa kinachoonyesha walipo, na kila baada ya wiki mbili huchapisha ramani yenye vidoti na kuitandaza kwenye meza ya chakula. Sisi tunakula sahani zikiwa mapajani.

Alipotaka kufunga kamera pale kwenye kona ya kijito, nilimwambia pana nyuki wakubwa kama shomoro. Nikamfungia mwenyewe. Niliielekeza kwenye maji.

Jumatatu alituketisha sebuleni, mimi na mke wangu, ili ajaribu maelezo yake mbele yetu. Tasnifu ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa.

"Kulungu wa kilimani na wa bondeni hawachanganyiki," alisema, akigusa ramani kwa rula. "Ila hapa tu, kwenye kona ya kijito. Wanafuata maji. Ugonjwa unaenda kwa mate, na hapa ndipo ulipovuka."

Niliinama juu ya ile ramani.

"Na kama hapo umekosea?" niliuliza.

"Hiyo ndiyo sura ya nne nzima, Mjomba. Ikianguka, nimeanguka nayo."

"Basi si maji. Wanafuata mahindi. Nawalisha mimi."

Alitabasamu kwa uchovu. "Mjomba wangu, leo sina nafasi ya hadithi."

"Kweli tupu!"

"Hata yule chui aliyekuomba njia ulisema kweli tupu," mke wangu akadakia. "Mwache mtoto afanye kazi."

Niliapa. Wakacheka. Niliapa tena, wakacheka zaidi. Miaka sitini na saba nimeaminiwa uongo bila jasho, leo nina ukweli mmoja tu na hauna mnunuzi. Nikatoka, nikapita upenyo wa uzio, nikaliburuta sinki hadi mlangoni.

"Usiliingize ndani!" mpwa wangu alipiga kelele. Alikuwa ameshaona. Mahindi yaliyolowa yalikuwa yamebaki chini, na ukingoni mate yalikuwa yamekauka kama gundi.

"Sinki langu!" mke wangu alisema. "Si uliniambia fundi alilichukua?"

Mpwa wangu alivaa glavu, akachuchumaa, akalichungulia ndani. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Uliliweka lini?"

"Ule mwaka mvua ilinyesha mpaka samaki wakapanda—"

"Mjomba."

"Mwaka jana. Mwezi wa tatu, tarehe kumi na mbili. Siku fundi alipofunga sinki jipya."

"Kweli, ilikuwa Jumanne," mke wangu akasema polepole.

Mpwa wangu alizitoa ramani za zamani kwenye kasha, akazipanga sakafuni mwezi baada ya mwezi. Hadi Machi, kulungu walikunywa popote kijito kilipopita, kila kundi upande wake. Wiki mbili baadaye vidoti vilianza kujikusanya nyuma ya uzio wetu.

Alikaa chini katikati ya karatasi.

"Umewaletea ugonjwa, Mjomba," alisema. "Na mimi nikaandika kwamba ni maji."

Nilianza kumkusanyia ramani, moja baada ya nyingine.

Alimpigia simu msimamizi wake hapohapo. Alisema sura ya nne ataiandika upya na Ijumaa hataiwahi. Aliomba miezi minne. Nilisikia sauti ya yule profesa ikiuliza maswali mengi, halafu moja kwa uwazi: "Na huyo shahidi wako, anaaminika?"

Mpwa wangu alinitazama, kisha akalitazama sinki.

"Kwa hili, ndiyo," alisema.

Alipokata simu alinirushia glavu, akanipa ncha ya futi ya kupimia, akatangulia kuelekea kwenye uzio, tukapime pale sinki lilipokuwa.