Nyumba ya Maisha Yako Yote

Jana mchana Bi Sikudhani Mgaya, mkunga mstaafu wa Njombe, aliota akiliwa na nyumba.

Alikuwa ameletwa na bintiye, Oliva, kuiona nyumba ya mfano katika kijiji kipya cha wazee. Masharti yake yalisikika mepesi: unalipa mara moja, unakaa hadi siku ya kufa kwako. Oliva na muuzaji, Bwana Mponzi, walitoka kutazama bustani. Bi Sikudhani akabaki sebuleni, usingizi ukampitia.

Kiti cha pembeni kikamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu, maana adabu ni adabu.

"Mkataba unasema nyumba ni yako maisha yako yote," kiti kikasema. "Basi maisha yako yote ni ya nyumba. Tuanze na lipi?"

Kabla hajajibu, ukuta unakivuta kivuli chake na kukitafuna taratibu. Kisha unachukua kikohozi chake. Bi Sikudhani anajaribu kukohoa; kimya.

Anakimbilia mlangoni. Nje si bustani tena, ni wodi ya wazazi aliyofanyia kazi ujana wake wote. Vitandani wamelala wazee waliofungwa nepi, na mikononi wamevishwa vibandiko: IMEUZWA. Dirishani kuna foleni ya watu wenye magodoro kichwani.

"Mnangoja nini?"

"Chumba chako, bibi," mwanamke wa mbele anasema kwa heshima. "Wala usiharakishe. Tumekuja na chai."

Sakafu inalainika. Miguu yake inazama hadi magotini, na chini huko kuna kitu chenye joto kinamlamba nyayo.

"Jamani!" anapiga yowe. "Si kuna Sheria ya kumlinda mlaji? Iko wapi?"

Sheria anaingia. Ni mama wa makamo aliyevaa sare ya mgambo, rungu mkononi.

"Nipo. Namlinda mlaji. Hapa anayekula ni nani?"

"Nyumba! Inanila mimi!"

"Basi mlaji ni nyumba." Sheria anasimama mbele ya ukuta, anaukingia kifua. "Usimsumbue akiwa anakula."

Sakafu imefika kiunoni. Bi Sikudhani anajinyoosha, anaufikia mwimo wa mlango, anaung'ata kwa nguvu zote. Una ladha ya chokaa na rangi mbichi. Anatafuna. Anameza. Machozi yanamtoka.

Sheria anageuka polepole. "Kumbe walaji mko wawili." Anafikiri, anajikuna kwa rungu. "Umeshalipa?"

"Bado."

"Basi toka sasa hivi. Ukishalipa utanikuta humu ndani, na ufunguo sipewi."

"Mama, amka," Oliva alikuwa akimtikisa bega. "Bwana Mponzi ameleta karatasi za kusaini."

Bi Sikudhani alitaka kusema, lakini kinywa kilikuwa kikavu, kimejaa unga. Akatema kwenye leso: chokaa, na vipande vya rangi.

Bwana Mponzi alikuwa ameinama mlangoni, akipapasa kwa kidole gumba mahali ambapo mwimo ulikuwa umemegwa.

"Panya," alisema, bila kumtazama.

Bi Sikudhani alichukua mkoba wake.

"Oliva, nishike mkono tutoke," alinong'ona. "Pita katikati, mwanangu. Usiuguse ukuta."