Dodoso la Zamu ya Usiku

Katika hospitali yetu nzima hakuna muuguzi jasiri kunishinda mimi, Kapembwa. Maiti nimezifumba macho kwa mikono hii, walevi wenye visu nimewabembeleza wakalala kama vichanga. Woga nausikia kwa wenzangu tu.

Basi wizara ikatuletea dodoso: je, umeridhika na kazi yako? Usiandike jina. Tukajaza, tukatumbukiza kwenye boksi. Ijumaa asubuhi, tukikabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, Sista Namukolo, mkuu wa wodi ya wanaume, akachomoa dodoso moja mfukoni. Maandishi yake yalikuwa mekundu.

Kwetu ripoti ya mchana huandikwa kwa wino wa bluu, ya usiku kwa mwekundu. Na mimi mjanja nilijaza dodoso kwa kalamu niliyokuwa nayo mkononi.

"Wa usiku mwezi huu ni wawili, wanaopokezana," alisema Sista. "Kapembwa na Kasuba. Nani kaandika haya?" Akasoma: "'Kazi naipenda. Lakini wagonjwa arobaini, mimi peke yangu, mtungi wa oksijeni mmoja. Kila usiku naogopa wawili watabanwa pumzi pamoja, na mimi ndiye nitakayechagua.'"

Mwaka jana aliyelalamika alihamishiwa kliniki ya visiwani, ziwa Bangweulu, mtumbwi siku nzima.

"Ba Sista, mnanijua," nikamjibu kwa heshima huku nikicheka. "Mimi na woga wapi na wapi? Hayo ni maneno ya mtu... mpole mpole." Jicho langu likaenda kwa Kasuba lenyewe. Naapa, lenyewe.

"Kasuba mwanangu, ni wewe?"

Kasuba alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Visiwani angemlea vipi? Nililijua hilo. Nikainamia chati ya mgonjwa.

"Ebo! Mwacheni binti wa watu!"

Sauti ilitoka kitanda cha tisa. Ba Sikazwe, dereva wa lori, mguu ndani ya plasta, alikuwa amejiinua kwa viwiko.

"Wiki iliyopita yule mzee wa jirani hapa alibanwa pumzi, mtungi uko kwa mwingine. Huyu jasiri wenu alikimbia huku na huku mpaka mzee akapata nafuu. Halafu akaja kupiga magoti hapa chini, kanishika mkono kama mke wangu. 'Ba Sikazwe, usilale, ongea nami, naogopa.' Nikaongea mpaka koo likakauka! Na hiyo karatasi, Sista, kaiandikia juu ya plasta yangu, machozi yanamdondoka. Leo anamsukumia mtoto wa kike?"

Sista Namukolo akaikunja karatasi taratibu, akanigeukia.

"Haya, Kapembwa. Nitazame usoni."