Aliyelala Haliliwi

Mume wangu Simakos alianguka kutoka juu ya mzeituni, akalala. Siku ya pili alikuwa bado amelala, na shemeji yangu Lampon akaja na waliaji watatu wa kukodi, nywele wameshazitimua, pamoja na mtungi wa maji wa kuweka mlangoni, ule wa kuutangazia mtaa kwamba humu mna maiti.

Nikakaa kizingitini, nikajitanua.

"Shemeji, pisha," akasema.

"Nipishe niende wapi? Hapa kwangu."

"Ndugu yangu amekufa!"

"Ndugu yako amelala."

Sisi Wagiriki tuna neno, *egersimos*: usingizi ambao mtu huamka. Mama zetu hutuombea usingizi huo tukiwa wachanga. Mtu mzima akilala kupita kiasi, mji mzima wa Kamarina hulisahau neno, hukumbuka jeneza.

Nami sikuwa mkaidi bure. Kwetu mtu akishaliliwa ndani ya nyumba yake amekufa, apende asipende. Akiamka, madhabahu haimtaki mpaka azaliwe upya: aogeshwe, aviringishwe nguo za kichanga, anyonyeshwe. Namjua mzee aliyepitia hayo na ndevu zake. Hadi leo watoto humwita Kichanga. Simakos wangu na kile kiburi chake? Angeona heri kufa kweli.

"Nimemwekea kioo cha shaba puani," nikasema. "Kimeingia ukungu."

"Ukungu wa mdomo wako huo, tangu jana haujafungwa."

"Basi lete na wako, tuone kama u hai."

Mliaji mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Lampon akautua mtungi mlangoni. Nikaumwaga wote barabarani, kuku wa jirani wakaja kunywa. Akapandwa na hasira.

"Lieni hapo hapo nje!"

Wakalia, na kusema kweli walikuwa mafundi. Nami nikaimba wimbo wa kubembelezea watoto, kwa sauti ya muuza samaki. Mtaa mzima ukatoka. Katikati ya makelele yale, sauti nzito ikatoka ndani:

"Mikka! Nani amekufa huko?"

Lampon akakaa chini, machozi yakamtoka, ya kweli sasa. Kisha desturi ikamrudia.

"Lakini ameshaliliwa, shemeji. Itabidi anyonyeshwe."

"Mmeulilia mlango. Kuna aliyevuka kizingiti hiki?"

Akawatazama waliaji. Waliaji wakatazama kuku.

"Basi mlango nitaunyonyesha mwenyewe," nikasema. "Inuka, mshike ndugu yako upande ule."

Siku ile ile tulimkokota Simakos, kichwa kimevimba kama boga, mpaka madhabahu ya mungu wetu wa kike, Demeter. Kuhani, mama mmoja mkali, akasimama mbele yetu.

"Huyu si marehemu?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Simakos akachukua kikombe akamimina divai ya sadaka kwa mkono wake. Nusu ikamwagika miguuni pa kuhani. Mama yule akasogeza miguu, lakini hakutufukuza.