Nondo wa Bloki ya Chini

Bitutu aliosha sweta yake mara ya pili kwa sabuni ya kipande, akaikamua, akaianika kwenye waya nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Kabla haijaacha kudondosha maji, nondo walikuja mchana ule ule kutoka upande wa majani chai. Walikuwa madume, wadogo, rangi ya udongo. Walitua kwenye bega la sweta, wakajipanga kwa umbo la kiganja na vidole vitano, wakatulia. Bega lake mwenyewe lilikuwa hivyo hivyo chini ya leso, na kiuno pia.

"Mama Vinny, utajichubua bure," alisema jirani yake Chepngeno, akichambua mboga mlangoni. "Mimi nimejaribu hata mafuta ya taa."

Nondo wa Chepngeno walikuwa mgongoni. Yeye alishikwa mwaka juzi, lakini nondo hawakujali mwaka.

Mambo yalianza kampuni ilipoleta mitego ya wadudu wanaoharibu chai. Ndani ya kila mtego kulikuwa na kipande cha raba kilichotiwa harufu ya nondo jike, ambayo pua ya mtu haiisikii. Nyapara Aron alikataa glavu, akaviweka kwa mikono mitupu. Tangu siku hiyo mikono yake ilijaa nondo mpaka viwikoni, na asubuhi akiita majina ilimbidi apulize karatasi kwanza ndipo asome. Wanawake aliowahi kuwapangia kuchuma bloki ya chini, kule mtoni, kila mmoja akapata wake pale alipomshika.

Bwana Nicholas wa kilimo alikuja kuwaeleza wafanyakazi. Alisema nondo jike hazunguki kutafuta. Giza likiingia hukaa kwenye jani, huinua ncha ya mkia, hutoa harufu, na madume huifuata kutoka mbali.

"Jike ndiye huita," alisema.

Alikuwa anazungumzia wadudu tu. Lakini wanaume waliwaangalia wanawake wakacheka, na Aron akacheka zaidi. Kabla wiki haijaisha maneno hayo yalikuwa yamefika kantini, kanisani na hata Mogogosiek, kwenye kiwanda alikofanya kazi Kebaso, mumewe Bitutu. Kebaso alirudi nyumbani kila Jumamosi. Leo ilikuwa Jumamosi.

Bitutu alitaka kitu kimoja, atolewe bloki ya chini. Aron ndiye aliyegawa bloki, na ndiye aliyegawa nyumba. Mwanamume mwenzake angeweza kumwomba. Ila Kebaso angeuliza kwa nini. Kila pikipiki ilipopita barabarani alidhani ndiyo inayomleta, na sentensi aliyokuwa ameipanga ikapotea tena.

Kebaso aliingia, akavua viatu, akapewa chai. Nondo wawili waliingia dirishani, wakaipita taa bila kuitazama, wakajipenyeza chini ya leso ya Bitutu. Kebaso aliwafuata kwa macho.

"Kule kazini wanasema jike ndiye huita."

"Kwa mtego hakuna jike, baba Vinny," alisema Bitutu. "Kuna raba."

Kebaso aliisukuma chai kando. Halafu akauliza ni bloki gani. Alipojibiwa alivaa viatu, akaenda kwa Aron.

Bitutu alisonga ugali huku ametega sikio. Aliogopa kusikia vita, kwa sababu wangefukuzwa kwenye nyumba. Aliogopa pia kutosikia kitu. Alichosikia ni redio, na wanaume wakicheka.

Kebaso aliporudi aliketi pale pale. Nondo walikuwa wametulia kwenye kiganja chake cha kulia, pale watu wanaposhikana wakisalimiana. Bitutu alimmwagia maji ya kunawa. Nondo walilowa, wakabaki.

"Mmeongea?"

"Tumeongea. Amekusifu sana, anasema unachuma vizuri."

Alikunja kile kiganja juu ya goti, akamega ugali kwa mkono wa kushoto.

"Jumatatu uko bloki ya chini," alisema.