Mwanaasha Anatembea Tu

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wa Mbwawa wakusanywe kwenye kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Masika ilipoanza, vumbi la kiangazi liligeuka uji, na watu wakajifungia ndani wakingojea mvua ipungue. Mwanaasha yeye aliacha ndala zake mlangoni, akakaza khanga kiunoni, akatoka.

Kulima alishalima tangu asubuhi. Kupika alishapika. Aliteremka njia ya bondeni, tope baridi likimpenya katikati ya vidole, kumbikumbi wakifumuka ardhini mbele yake. Tangu utoto wake kila njia aliyoipita ilikuwa na shughuli mwisho wake: kisima, kuni, shamba, mgonjwa. Hii haikuwa na kitu, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Akafanya hivyo tena kesho yake, na keshokutwa.

Mumewe, Saburi, alianza kuona haya. "Mama Twalibu, watu wanasema," alimwambia wakila. "Beba japo jembe begani, wajue unatoka shamba."

"Shamba nimeshatoka. Nibebe jembe nimdanganye nani?"

"Mwenyekiti hapendi."

"Na mimi napenda. Kula, chakula kinapoa."

Mwenyekiti wa kijiji, Mwinjuma, alimwita mbele ya mkutano. Alikuwa mtu mkali, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Ndugu Mwanaasha, wenzako wanajenga taifa, wewe unazurura kwenye matope. Unatafuta nini huko?"

"Sitafuti kitu, Mwenyekiti."

"Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kutembea. Tope likiwa jipya hivi, nalipenda."

Wanaume wakacheka. Sikudhani, jirani yake, aliinamisha uso kama aliyesikia neno la aibu.

"Huo ni uzururaji," alisema Mwinjuma.

"Mzururaji ni asiye na kazi. Tuta langu lipo kwenye shamba la kijiji, nenda kalitazame, kisha ulitazame na la kwako."

Hapo hakucheka mtu. Tuta la Mwinjuma lilikuwa halijaguswa tangu mvua ianze, na kila mmoja alilijua hilo. Mwenyekiti akatoa adhabu: siku ya Ijumaa Mwanaasha achimbe peke yake mtaro wa kutoa maji mbele ya ofisi ya kijiji, watu wakimwona.

Akachimba. Mvua ilimnyeshea mpaka khanga ikamganda mwilini. Wanaume waliotoka msikitini walisimama barazani kumtazama, na Saburi alikuwa miongoni mwao, kanzu yake nyeupe, macho chini. Maji yalipoanza kuteremka vizuri mtaroni, Mwanaasha alinyoosha mgongo. Mikono ilikuwa imemchubuka. Kila mtu alijua sasa atakwenda nyumbani kulala.

Akageukia njia ya bondeni.

"Wewe!" Mwinjuma alipaza sauti. "Hujakoma?"

"Adhabu nimemaliza, Mwenyekiti. Jioni hii ni yangu."

Alitembea taratibu, kwa maana mwili ulimuuma, wala hakutazama nyuma. Alikuwa amefika kwenye mikorosho aliposikia mtu akiteleza na kutukana. Saburi alikuwa amekaa kwenye tope, viatu mkononi, kanzu yote imechafuka.

"Umefuata nini?" Mwanaasha alimuuliza.

"Mwenyekiti naye kaniuliza hivyohivyo." Saburi alijipangusa, akazidi kujipaka. "Nimemwambia namfuata mke wangu. Akaniambia Ijumaa ijayo zamu yangu."

Mwanaasha alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akampa mkono, akamwinua.

"Tunakwenda wapi?" Saburi aliuliza.

"Mimi sijui. Wewe ukichoka, rudi."

Hakurudi. Wakateremka pamoja mpaka pale bonde la Ruvu lilipoanza kuonekana, limejaa maji, na wakasimama wakilitazama mpaka baridi ikawaingia.